Akina Kambale Mia Tatu na Kumi na Wawili

Jumanne ambayo Kambale Félicien aliondoka kwenda Nizi, magunia mawili ya chumvi yamefungwa kwenye baiskeli yake, akimwambia mkewe Kaswera kwamba Alhamisi atakula nyumbani, ndiyo Jumanne ambayo redio ilitangaza kwamba kuanzia saa sita mchana majina yote ya Bunia yatawekwa katika utaratibu.

Tangazo lilisomwa mara tatu, mara ya tatu likiwa na muziki. "Kwa kuwa," lilisema, "vita hii imeletwa na watu kutojua majina yao yametoka wapi, na kwa kuwa asiyejua jina lake limetoka wapi hawezi kujua yeye mwenyewe anakwenda wapi, inaundwa leo Idara ya Asili ya Majina, yenye mamlaka kamili juu ya majina ya kupewa, ya kurithi na ya utani. Wananchi wanaombwa kutulia ndani ya majina waliyo nayo mpaka watakapohakikiwa."

Kaswera alilisikia akiwa sokoni, anapima chumvi kwa kopo. Hakulitilia maanani. Mji ulikuwa umekwisha kubadilisha wenyewe, watu wa bunduki, mara nyingi, na kila mwenyewe mpya alikuja na idara yake. Mmoja alileta idara ya ufagio, ambayo ilipima upana wa nyua. Mwingine alipiga marufuku kusimama mlangoni bila shughuli. Hii ya majina ilionekana ya upole.

Alhamisi alipika sombe, majani ya muhogo, na samaki. Ijumaa aliipasha moto. Jumamosi waliingia watu kutoka upande wa Nizi, kwa miguu, magodoro kichwani, wakasema barabara imekufa. Kaswera aliwauliza habari za mtu mwenye baiskeli na chumvi. Walisema baiskeli waliziona nyingi.

Idara ilipewa darasa la tano la shule moja ya msingi, kwa sababu wanafunzi walikuwa wamekimbia na ubao ulikuwa bado mzuri. Ubao uligawanywa kwa mstari katikati. Kushoto paliandikwa MAJINA YETU, kulia MAJINA YAO. Kila jina lingepata upande wake, na kila mlinzi wa kizuizi angepewa nakala, ili asilazimike tena kumkisia mpita njia kwa kumtazama sura. Njia hiyo ya zamani ilikuwa imeleta malalamiko, ingawa si kutoka kwa waliokisiwa, maana hao hawakurudi kulalamika.

Fomu ilikuwa na maswali kumi na manne. Jina lako lilianza lini? Kabla ya kukaa kwako lilikaa kwa nani? Taja wengine wanaolitumia, na waliruhusiwa na nani. Mtu mmoja wa Epulu, aliyepewa jina la mto, aliambiwa alete barua ya mto wenyewe au, ikishindikana, ya msimamizi wa daraja lililo karibu. Aliileta. Ilikuwa na muhuri wa daraja, na Idara ilimsifu hadharani.

Mkurugenzi aliitwa Hubert. Jina lake la ukoo halikuandikwa popote, hata mlangoni. Ilielezwa kwamba Idara haiwezi kumhakiki mkubwa kabla haijawamaliza wadogo. Katibu wake alikuwa Rachidi, Mwislamu mtaratibu aliyekuwa akipima dhahabu huko Nizi kabla ya vita, na aliyeajiriwa kwa sababu alikuwa na mazoea ya vitu vidogo.

Wafanyabiashara waliotoka Butembo na Beni, kama Kaswera na mumewe, waliipa Idara taabu. Majina yao hayakuwa ya kushoto wala ya kulia. Yaliandikwa chini kabisa ya ubao, pale panapokaa chaki, chini ya kichwa MENGINEYO.

Juma la pili Kaswera alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda Idara. Alitaka kitu kimoja tu. Watu wa msaada, wale wenye magari meupe, walikuwa wakiwatafuta waliopotea. Lakini walimtafuta tu yule ambaye utawala umeandika kwamba hayupo. Bila karatasi mtu hakupotea. Alichelewa.

"Shida gani, mama?" aliuliza Mkurugenzi.

"Bwana yangu, Directeur. Alienda Nizi, hakurudia. Naomba muandike kama hayuko."

"Jina?"

"Kambale."

Mkurugenzi alitabasamu kama daktari anayeona ugonjwa mwepesi. "Rachidi, msomee mama."

Rachidi alifungua daftari, lililonakiliwa kutoka orodha ya kodi ya mwaka uliopita. "Kambale. Idadi iliyohakikiwa ndani ya mji wa Bunia: mia tatu na kumi na mbili."

"Umesikia," alisema Mkurugenzi. "Kambale hajapotea. Tunao mia tatu na kumi na mbili. Kuna majina katika mji huu yana mtu mmoja tu, na wake zao hawaji hapa kulia."

"Miye silie, Directeur. Miye naomba ile moja."

"Ile ipi?"

"Ile ya kwangu."

Mkurugenzi alimtazama Rachidi, Rachidi akatazama daftari. Daftari halikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Kaswera alieleza, taratibu, kama anavyomweleza mteja mgeni tofauti ya chumvi ya mawe na ya unga. Kwa Wanande, kabila lao, mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Paluku. Wa pili, Kambale. Wa tatu, Kasereka. Mama akiendelea kuzaa, hesabu inaendelea. Jina halisemi baba yako ni nani. Linasema ulipofika nyumbani ulimkuta nani.

"Kwa hiyo hawa wote baba yao ni mmoja," alisema Mkurugenzi.

"Hapana. Kila nyumba iko na Kambale yake."

"Kila nyumba? Bila kuwasiliana?"

"Watawasiliana juu ya nini, Directeur? Mutoto ya pili anazaliwa, ni Kambale. Ni vile tu."

"Mama, watu mia tatu na kumi na wawili hawawezi kubeba jina moja bila mkutano. Rachidi, andika: maelezo ya mdomo, hayana muhuri." Kisha akasimama, na sauti yake ikawa ya redio. "Wewe umetusaidia kuliko unavyojua. Hii ndiyo familia kubwa kuliko zote mjini, na haina mkuu anayejulikana. Nitamwita."

Wito ulibandikwa sokoni: Mkuu wa Familia ya Kambale afike Jumatatu pamoja na familia yake yote, bila kukosa. Akina Kambale waliusoma, wakatazamana. Walikuwa fundi viatu, wauza betri, mwalimu mmoja, wachukuzi, shemasi, na wawili ambao hawakusalimiana kwa sababu ya kiwanja. Walijadiliana, wakamchagua Muzee Kambale Eugène, muuza vipuri vya baiskeli, kwa sababu ndiye pekee mwenye koti.

Jumatatu walijaa uwanja wa shule. Kaswera alikuja na kusimama pembeni, karibu na ukuta.

"Muzee," alisema Mkurugenzi kutoka barazani, "hawa watoto wote umewazaa ndani ya muda gani?"

"Miye niko na watoto sita, Directeur," alisema Eugène. "Kati yao Kambale ni mumoja. Iko Butembo, anasoma."

"Na hawa wengine?"

"Huyu ananidai pompi ya baiskeli. Hao wengine nawajua kwa macho."

"Unawakana mbele yao?"

"Siwakane. Baba zao ndio watanikana."

Mkurugenzi hakukasirika. Alitoa mpango aliokuwa ameuandaa. Jina la Kambale lilikuwa na msongamano. Lisingeweza kubeba watu zaidi ya hamsini bila kuchakaa. Hamsini wangebaki nalo kwa kura. Wengine wangepewa majina kutoka ghala la Idara, ambako kulikuwa na majina mazuri yasiyotumika, ya watu waliohama. Mpaka hapo, idadi ilifungwa kwenye mia tatu na kumi na mbili. Hakuna kuingia bila mmoja kutoka, na hakuna kutoka.

Eugène alivua kofia. "Directeur, miye nikipewa jina ingine, kati ya Paluku, kaka yangu, na Kasereka, mudogo yangu, kutakuwa tundu. Watu watasema mama yangu alifisha mutoto. Na mama bado iko muzima."

"Mama yako ajaze fomu."

"Anajua kusoma Biblia tu."

"Fomu ni fupi kuliko Biblia."

Ndipo Kaswera aliposogea mbele. Aliongea bila kuinua sauti, na kwa hiyo watu walinyamaza. "Directeur, muko na daftari. Muite majina. Kama bwana yangu iko hapa, ataitika. Kama haitike, muandike hayuko. Miye sitaki kingine."

Mkurugenzi aliona kwamba ombi hilo lilikuwa la kiutawala. Alichukua daftari, akakohoa, akaita, "Kambale."

"Présent," waliitika akina Kambale, wote pamoja. Njiwa walitoka kwenye bati la shule.

"Mahudhurio kamili," alisema Mkurugenzi, akafunga daftari.

Lakini Kaswera alikuwa amehesabu vichwa tangu walipoanza kuingia, kwa midomo, kama anavyohesabu makopo. Aliwahesabu tena wakati wakitoka langoni, mmoja mmoja. Mara zote mbili walikuwa mia tatu na kumi na mmoja.

"Directeur, iko inapunguka moja."

"Mama," alisema Mkurugenzi kwa upole, "sauti ilikuwa moja na ilikuwa kubwa. Siwezi kuandika katika taarifa kwamba sauti kubwa hivyo ilikuwa na tundu."

Rachidi aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akayashusha tena. Kaswera alikwenda nyumbani. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Kila mara aliambiwa idadi imefungwa. Ikawa desturi, hata Rachidi akaanza kumwekea kiti.

Kura ya majina haikupigwa, kwa sababu mwezi wa tano mji ulibadilisha wenyewe tena. Risasi zilidumu siku kadhaa. Kaswera alizipitisha chini ya kitanda pamoja na kopo la kupimia na redio, ambayo ilikuwa imenyamaza. Zilipotulia, wenyewe wapya waliingia darasa la tano na wakaupenda ubao. Kazi ilikuwa nzuri, safi, ya mtu aliyesoma. Hawakufuta jina hata moja. Walifuta vichwa viwili tu, YETU wakaandika kulia na YAO wakaandika kushoto, wakatuma nakala kwenye vizuizi mchana ule ule.

Asubuhi iliyofuata Mkurugenzi Hubert aligonga mlango wa Kaswera. Alikuwa amevaa koti la mtu mnene na amebeba mkoba wake wa kazi.

"Hodi, mama Kaswera."

"Karibu, Directeur. Ubao iko namna gani?"

"Ubao mzima." Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Mama, niseme wazi. Jina langu la ukoo liko kwenye ubao."

"Upande gani?"

"Pande zote mbili." Alitazama viatu vyake. "Kule kwetu watu wa huku na watu wa kule tumeitana majina yale yale tangu babu. Tulikuwa tunaoleana. Niliona mapema kwamba linanipa tabu, nikaliacha liandikwe mara mbili na Rachidi, na mimi nikaacha kulitumia."

Kaswera alimpa maji. Alikunywa yote.

"Lori la wafanyabiashara linaondoka saa sita kwenda Beni," aliendelea. "Walinzi wanawaachia watu wa MENGINEYO. Nataka kuwa Kambale. Mpaka Komanda tu, njiani kabla ya Beni. Wewe utanisindikiza kizuizini kama mke anayemsindikiza mumewe."

"Haiwezekane, Directeur."

"Kwa nini?"

"Wamejaa. Weye mwenyewe ulifunga. Mia tatu na kumi na mbili, hakuna kuingia bila moja kutoka."

Ilikuwa kanuni ya Mkurugenzi mwenyewe, na ilikuwa imeandikwa vizuri. Hakupata pa kuitoboa.

"Kunahitajika nafasi wazi," alikubali.

"Nafasi iko. Andika tu kama iko wazi."

Alifungua mkoba. Karatasi zilikuwemo, wino ulikuwemo, muhuri ulikuwemo. Mtu huyo alikuwa ameacha nyumba yake na godoro lake, lakini muhuri alikuja nao. Aliandika juu ya meza ya Kaswera, karibu na kopo la chumvi: Nambari mia tatu na kumi na mbili, Kambale Félicien, muuza chumvi, aliondoka Bunia siku ya Jumanne kwenda Nizi na baiskeli. Hayupo.

"Tia sahihi," alisema Kaswera.

Aliandika "Hubert" tu.

"Jina yote, Directeur. Fomu yenu inasema bila jina yote karatasi haina nguvu. Swali ya kumi na ine."

Mkurugenzi akaandika jina lake lote kwa mara ya kwanza tangu Idara iundwe. Akapiga muhuri. Kaswera aliipuliza karatasi mpaka ikakauka, akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Njiani alijaribu kumwelekeza. "Sikia, Directeur. Wakikuuliza..."

"Mama, kuhusu akina Kambale mimi ndiye niliyeandika taarifa. Kurasa arobaini."

Kaswera akaendelea kutembea.

Kizuizi kilikuwa kamba moja na benchi moja. Lori lilikuwa limesimama, na juu ya mizigo walikaa watu wengi, Muzee Eugène akiwa mbele na koti lake. Mlinzi alikuwa mwanamume wa makamo, orodha ya Idara mfukoni, anatafuna muwa.

"Jina?"

"Kambale," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya redio.

"Kambale wa ngapi kwenu?"

"Wa mia tatu na kumi na mbili."

Mlinzi aliacha kutafuna. Juu ya lori mchukuzi mmoja alianza kucheka kwa pua, akafuata fundi viatu, na mwisho lori lote lilitikisika kama lina injini mbili.

"Baba," alisema mlinzi, "miye nilibebaka betri ya Kambale miaka sita hapa soko. Kaka yake Paluku ndiye alikuwa analipa. Kambale ni wa pili. Mama yako, huyo wa mia tatu, bado anatembea?"

"Nambari ni ya kiutawala," alisema Mkurugenzi.

Mlinzi alimgeukia Kaswera. Sauti yake ilishuka. "Mama, weye sema. Huyu ni bwana yako?"

Kaswera alimtazama Mkurugenzi, jasho likimtiririka ndani ya koti la mtu mnene. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo likitoka, Félicien angekuwa amesimama pale kizuizini, mzima, mbele ya mashahidi juu ya lori. Na karatasi iliyokuwa kifuani ingekuwa ya uongo kabla haijamaliza saa moja. Hakuna gari jeupe ambalo lingemtafuta mtu aliyeonekana akipanda lori.

"Bwana yangu hayuko," alisema. "Hata ku karatasi iko hivyo."

Akaitoa. Mlinzi aliisoma polepole mpaka kwenye sahihi, akatoa orodha yake, akatafuta kushoto, akatafuta kulia. Kote alikuta. Alisoma tena, akatazama muhuri, kisha mkoba wa Mkurugenzi.

"Ah, Directeur. Ni weye mwenyewe." Alikuna kichwa kwa orodha. "Sasa nifanye nini? Kwa upande huu nikuache upite. Kwa upande huu nisikuache. Na karatasi ni ya kwako."

"Kifungu cha tisa," alisema Mkurugenzi kwa sauti ndogo. "Mwenye jina la pande mbili hukaa kando mpaka apate cheti cha Idara."

"Voilà. Kaa kando. Nani anatoa cheti?"

"Mimi. Lakini baada ya mimi kuhakikiwa."

"Na weye, nani anakuhakiki?"

Mkurugenzi alifikiri. Alikuwa mtu wa haki katika mambo ya fomu. "Nafasi hiyo haijajazwa," alisema, akaenda kukaa kwenye benchi.

Lori liliondoka saa sita kamili. Muzee Eugène aliinua kofia kwa Kaswera.

Mkurugenzi alikaa kwenye benchi lile majuma matatu. Hakuna aliyemgusa, kwa sababu kila zamu ilipofika ilisoma orodha na kukuta kwamba ni mtu wao na si mtu wao. Wapita njia walimwomba awasomee barua, naye aliwasomea. Kaswera alimpelekea mihogo kila Jumanne, na Mkurugenzi alipokea kwa mikono miwili. Askari wa kigeni walipofika na kuikata ile kamba, walimwambia yuko huru. Aliwauliza wanayo karatasi. Hawakuwa nayo, akabaki siku mbili zaidi.

Karatasi ya Kaswera ilipokelewa na watu wa magari meupe. Waliinakili, wakaipa nambari yao wenyewe, wakamrudishia. Walikwenda Nizi barabara ilipofunguka. Walileta jina la mtu mmoja aliyeona baiskeli. Si zaidi ya hapo.

Kaswera bado anauza chumvi katika soko la Bunia, meza ile ile. Karatasi iko ndani ya kopo la maziwa, nyumbani, juu ya kabati. Mtu akiita "Kambale" sokoni, wanageuka wanaume saba au wanane. Kaswera anawatazama wote, mmoja mmoja, halafu anaendelea kupima.